Muulize Mhandisi: Mtambo wa kupimia vifaa vya DC tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Karakana yetu imepewa kazi ya kuunda mtambo wa kupimia kapasita na vihami vya njia kuu za umeme wa DC (mkondo unaokwenda upande mmoja tu), hadi kilovolti 100. Transfoma ya majaribio ya AC (mkondo unaogeuka-geuka) tunayo. Wenzangu wanasema tukiongeza daiodi na kapasita, kazi imekwisha. Mimi moyo unasita. Tuanzie wapi?
— Msomaji, fundi umeme

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moyo wako umesita mahali penyewe.

Kupandisha volti ndiyo kazi nyepesi. Ngazi za daiodi na kapasita alizibuni Mswisi Heinrich Greinacher, na wanafizikia Cockcroft na Walton wakazitumia Cambridge, Uingereza, mwaka 1932 kupasua kiini cha atomu. Angalieni tu msirundike ngazi. Mkivuta mkondo uleule, ngazi 6 hupoteza volti zaidi ya mara 7 ya zile zinazopotezwa na ngazi 3. Ni afadhali ngazi chache na masafa ya juu, yaani umeme unaogeuka mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Mimi ningeanza na kushusha volti, yaani kuimwaga chaji kwa usalama. Siku moja tulimaliza kupima kapasita kubwa. Nikaigusisha fimbo ya ardhi (iliyofungwa waya uendao ardhini), cheche ikalia, mita ikasoma sifuri. Nikaitoa fimbo, tukakaa kuandika matokeo. Baada ya kama robo saa mwenzangu akaenda kufungua nati ya juu, akarushwa hadi ukutani. Mkono wake ulikufa ganzi mpaka jioni. Mtambo ulikuwa umezimwa kabisa. Chaji iliyokuwa imezama ndani ya kihami cha kapasita ilikuwa imerudi polepole kwenye sahani zake, na aliyeitoa fimbo ni mimi. Hadi leo siwezi kupita karibu na kapasita isiyofungwa waya nikanyamaza.

Pigeni hesabu: mikrofaradi 1 kwa kilovolti 100 hubeba juli 5,000. Mkiimwaga kupitia rezista ya megaohmu 1, baada ya sekunde 5 bado zimebaki volti zaidi ya 600. Kwa hiyo kwanza fimbo yenye rezista, kisha fimbo tupu, kisha waya mnene wa shaba unaofungwa kwenye ncha zote mbili na kubaki hapohapo hadi jaribio lijalo. Wala msisahau kapasita za mtambo wenyewe. Nazo zina chaji.

Upande wa kipimo, rezista 20 za megaohmu 50 zikifuatana hupitisha miliampea 0.1 tu kwa kilovolti 100. Mkiweka rezista ya kiloohmu 100 chini yake, mita itaona volti 10. Kila rezista ya juu hubeba kilovolti 5, basi nunueni zilizotengenezwa kwa volti hizo, si zile ndogo za redio. Ile ya chini ikikatika, volti zote zitaitafuta mita na mkono ulioishika, kwa hiyo wekeni kando yake kilinda-volti kinachoelekeza ardhini.

Halafu vumbi. Fundi aliyezoea AC hulidharau, lakini umeme wa DC huvuta vumbi saa zote, na kwenye DC volti hugawanyika kwa kufuata ukinzani. Utando mwembamba wenye unyevu juu ya nguzo ya rezista ni njia ya pili ya mkondo, nayo hupotosha kipimo bila dalili yoyote. Nimewahi kuona kihami kizima kikikataliwa, kumbe nguzo ya kipimo ndiyo chafu. Tulipoifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, namba zikarudi.

Sasa kaa na wenzako mchore kwanza swichi ya ardhi. Iwe nzito, ishikiliwe juu na sumaku ya umeme, ili mlango wa uzio ukifunguliwa au umeme ukikatika ianguke yenyewe kwa uzito wake. Mkishaichora, nitumie niione kabla hamjanunua hata daiodi moja.