Nywila ndani ya skripti: echo haifui dafu mbele ya scp

SWALI: Skripti yangu hunakili faili za akiba kwenda seva ya pili kwa scp, amri ya kunakili faili kati ya mashine kupitia ssh (muunganisho salama wa mbali). Nikiiendesha mwenyewe naulizwa nywila na kazi inaisha. Nilijaribu echo 'nywila' | scp, bado inaniuliza. Kupitia cron, kiendesha kazi za ratiba, inagoma kabisa. Rafiki kanishauri sshpass, programu ya kumpa ssh nywila bila mtu kuchapa, na nywila niifiche kwa base64 (njia ya kuandika data kwa herufi nyingine). Ni sawa?

JIBU: scp humwachia ssh kazi ya kuuliza nywila, na ssh haiisomi kule echo inakomwaga. Huifungua /dev/tty, yaani terminali yenyewe, na imeundwa hivyo makusudi. Cron haina terminali, basi.

Sshpass na expect huunda terminali bandia na kujifanya mtu anayechapa. Zinafanya kazi, sikatai; expect nami naitumia kwa vifaa vikongwe visivyojua funguo za ssh, zinazotumika badala ya nywila. Kinachonichosha ni hilo neno "ifiche". Base64 si usimbaji fiche! Anayeweza kuisoma skripti anaifumbua kwa amri moja, base64 -d. Ukiandika sshpass -p, nywila inabaki kwenye historia ya ganda lako, na ingawa programu hujaribu kuifuta kwenye orodha ya ps (programu zinazoendeshwa), kuna kitambo kidogo ambacho mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuiona. Halafu skripti yenyewe inaingia Git (hazina ya matoleo ya msimbo), inaingia kwenye hizo hizo faili za akiba, na siku nywila ikibadilishwa hakuna anayekumbuka imeandikwa wapi na wapi.

Tengeneza ufunguo wa kazi hii peke yake kwa ssh-keygen -t ed25519, uupeleke kwa ssh-copy-id. Kwa kuwa cron haiwezi kuchapa nywila ya ufunguo, utauacha bila nywila; kwa hiyo kwenye authorized_keys (orodha ya funguo zinazokubaliwa) ya seva inayopokea, tanguliza mbele ya ufunguo huo restrict, inayozima ruhusa za ziada, na from= yenye anwani ya seva inayotuma, ili usikubaliwe ukitoka kwingine. Kwenye scp ongeza -o BatchMode=yes, ili ikikwama ife na kosa badala ya kungoja jibu.

Waganga wa njia za mkato wana dawa nyingine: StrictHostKeyChecking=no pamoja na UserKnownHostsFile=/dev/null, yaani kuzima ukaguzi wa utambulisho wa seva. Ukichanganya na sshpass, unamkabidhi nywila yeyote atakayejibu kwa jina la seva yako. Na wale wa echo nywila | sudo -S (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), ambayo kwa bahati mbaya inakubali: fungueni visudo, kihariri cha kanuni za sudo, mruhusu NOPASSWD (bila kuulizwa nywila) kwa amri ile moja tu, kwa njia yake kamili. Si ALL, yaani amri zote.