Ukienda Kituo cha Polisi, Nenda Umejiandaa

Kwa miaka saba sasa nimekuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu hapa Temeke, Dar es Salaam, na katika muda huo nimeingia vituo vya polisi mara nyingi kuliko nilivyowahi kudhani. Nimesindikiza walioibiwa, waliopigwa, waliotapeliwa, na wazazi waliokuja kuuliza watoto wao wamekamatwa kwa kosa gani. Nilichokiona ni kwamba kazi ya polisi imebadilika sana, lakini sisi raia bado tunakwenda kituoni kwa mtindo ule ule wa zamani: tunafika na hasira, tunasimulia huku tukikatizana, tunapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu katika kitabu cha polisi, kisha tunarudi nyumbani kusubiri. Wengi wetu tunapoteza haki mezani pale pale, kabla upelelezi haujaanza.

Mimi mwenyewe nilipoteza namna hiyo. Nilikuwa nasubiri fundi anitumie namba ya kulipia mabati, mara ukaingia ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nikatuma shilingi laki tatu na nusu bila kuuliza. Fundi alipopiga simu jioni kuulizia malipo, niliingiwa na uchungu kiasi kwamba nilifuta ujumbe ule ili nisiuone tena. Kesho yake nikaenda kituoni, nikasimulia kwa sauti ya juu, nikaandikiwa RB kwenye kikaratasi kidogo kama kiganja cha mtoto. Mpelelezi alichukua maelezo yangu, nami nikatia saini bila kuyasoma. Wiki kadhaa baadaye niligundua kwamba tarehe ilikuwa imekosewa na namba ya tapeli ilikuwa na tarakimu pungufu. Jalada lile halikwenda popote, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Zamani mwizi wa mtaani kwetu alikuwa kibaka aliyekwapua mkoba Kariakoo, na askari mwenye filimbi na mbio nzuri aliweza kumkamata. Tapeli wa leo anaweza kuwa mkoa mwingine kabisa, na kinachomfikia ni kumbukumbu: saa ya muamala, namba ya muamala, jina lililojitokeza kwenye simu wakati wa kutuma. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipitishwe, kazi ya namna hii ni sehemu kamili ya upelelezi wa kila siku, na ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo ukitapeliwa usifute chochote. Piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo uombe fedha zizuiwe, kwa maana dakika kumi za mwanzo zina thamani kuliko siku kumi zinazofuata. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kisha kaa chini uandike ukurasa mmoja wenye mtiririko wa tukio, tarehe, saa na namba zote, uende nao kituoni. Baada ya maelezo kuchukuliwa, omba uyasome au usomewe kabla ya kutia saini, hata kama foleni ni ndefu na askari amechoka. Ni haki yako, na sijawahi kuona askari makini akiikataa.

Naelewa kwa nini wengi wetu tunaogopa kuomba hata jambo dogo kama hilo. Jeshi la polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919 chini ya Waingereza, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuulinda utawala. Mwananchi alikuwa mtu wa kuamrishwa. Woga ule tumerithishana nyumbani, kwa mama anayemtisha mtoto kwamba atamwitia polisi. Ndiyo maana nilifuatilia kwa hamu kazi ya tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyomkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti yake Julai 2023 na kupendekeza polisi wetu watoke katika sura ya jeshi na kuwa chombo cha huduma. Wenzetu wa Kenya walishaliandika jina la Huduma ya Taifa ya Polisi ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010. Jina peke yake halimbadilishi mtu, lakini mwananchi anayejua kwamba amekuja kupata huduma husimama tofauti mbele ya kaunta.

Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu ni ya polisi jamii, yaani polisi wanaoshirikiana na wananchi, na hasa wakaguzi wa kata, maofisa wa polisi waliopangiwa kila mmoja kata yake. Ushauri wangu ni kwamba uitafute namba ya mkaguzi wa kata yako leo, kabla hujapata shida, pamoja na namba ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usiku mmoja vijana wetu wa ulinzi shirikishi walimkamata kijana aliyeruka ukuta na betri ya bajaji. Nilipofika, watu walikuwa wamemzunguka, amevuliwa shati, na mtu mmoja alikuwa tayari anakokota tairi kutoka nyuma ya gereji. Nilimpigia mkaguzi, nikamweka kwenye spika, akazungumza na wale vijana kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu alikuwa akikaa nao kwenye vikao. Tairi likawekwa chini. Alifika na askari wawili kabla ya nusu saa kupita, na yule kijana akapelekwa kituoni akiwa hai. Askari asiyejulikana mtaani asingeweza kufanya hivyo kwa simu.

Sehemu ninayoijali kuliko zote ni dawati la jinsia na watoto. Kabla ya madawati haya, mwanamke aliyepigwa na mumewe alisimulia mbele ya kila aliyekuja kuripoti kupotelewa na kitambulisho, na mara nyingi aliambiwa arudi nyumbani wakayamalize. Siku hizi katika vituo vingi anaingizwa chumba cha pembeni. Mwaka jana nilimsindikiza binti wa miaka kumi na mitano, na askari wa kike aliyetupokea alivua kofia, akasogeza kiti chake upande wetu wa meza, akamuuliza kwanza kama amekula. Binti aliyekuwa amenyamaza njia nzima alianza kuzungumza hapo. Ikiwa mtu amefanyiwa ukatili wa kingono, asioge na nguo zake zisifuliwe; ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na afikishwe hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI. Chukua fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, lakini kama ana majeraha makubwa, hospitali itangulie na fomu ifuate. Suala la mtoto linaweza pia kuripotiwa bure kwa namba 116.

Ndugu yako akikamatwa, usianze kwa kugombana. Uliza mambo mawili: kosa ni lipi, na nani anapeleleza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, na inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Vitu vyake vikichukuliwa katika upekuzi, omba stakabadhi. Dhamana ya polisi hailipiwi, na anayekudai fedha kwa ajili hiyo anakudai rushwa.

Nimebakiza jambo linalonikera tangu siku ile ya mabati. Baada ya kutia saini, askari mmoja aliniambia gari halina mafuta, nikatoa shilingi elfu ishirini, na hakuna gari lililowahi kufika mtaani kwetu. Sikupewa risiti na sikuthubutu kuuliza. Sasa nikiambiwa hivyo, naomba kwa adabu nimwone mkuu wa kituo, na nikishindwa hapo nakwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nikiwa na namba ya RB na jina la askari niliyezungumza naye. Mara ya mwisho mkuu wa kituo alikiri kwamba gari kweli lilikuwa bovu, akamwita mpelelezi kijana, nasi tukatembea kwa miguu kama dakika kumi na tano hadi dukani kwa jirani yangu lililovunjwa. Yule mpelelezi alipima kwa hatua kutoka mlangoni hadi dirishani, akachora ramani ya tukio kwenye daftari huku jirani yangu akimmulikia kwa tochi ya simu, kisha akamsomea maelezo yake yote, neno kwa neno, kabla ya kumpa kalamu.