Wananiita daktari, naona wananisingizia

Ujumbe uliniingia usiku wa kuamkia Ijumaa, ndiyo kwanza nimetoka zamu. Kijana wa Kizingitini, kwetu Lamu, wiki ya tatu ya mwaka wake wa uanagenzi huko bara, kaandika: "Dada daktari, wagonjwa wananiita daktari, nami naona wananisingizia. Kwako wewe hali hii iliisha lini?"

Nimekaa na swali hili siku tatu. Jibu nalijua, na bado laniuma.

Kenya tunasoma udaktari miaka 6, kisha mwaka mzima wa uanagenzi hospitalini ndipo tupate leseni kamili. Wakati wangu ilikuwa miezi mitatu mitatu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Mimi nilianzia uzazi. Chuo nilikimaliza vizuri sana, nalisema kwa kuwa ni kweli. Usiku wa pili mama mmoja akajifungua salama, kisha damu ikatoka isikome. Ya vitabuni nilikuwa nayo yote: ikifika nusu lita ni hatari, oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo la uzazi, kulikanda tumbo lenyewe, maji ya mishipani. Mikono ikakataa. Mkunga wa zamu, mtu wa umri wa mama yangu, hakupiga kelele. Alinishika kiganja akakiweka juu ya tumbo la yule mama. "Daktari, kanda hapa. Kwa nguvu. Usiache mpaka nikwambie." Yeye akadunga sindano. Polepole nikasikia tumbo la uzazi linakaza chini ya mkono wangu, likawa gumu mfano wa dafu. Damu ikapungua.

Asubuhi kwenye raundi mkubwa wetu akauliza nani alikuwa zamu. Nikaeleza yote, hata kule kuganda kwangu. Akanigeukia mbele ya wenzangu, mbele ya yule mama mwenyewe: "Wewe rudi kwenu Lamu ukachunge punda."

Miaka 7 imepita. Sauti yake naisikia hadi leo. Baada ya siku ile, kwa miezi miwili sikuuliza mtu kitu. Namshukuru Mungu hakuna aliyedhurika kwa ukimya wangu, lakini ndiyo miezi niliyojifunza kidogo kuliko yote.

Aliyenitoa pale ni baba. Baba ni fundi wa mashua, Matondoni. Nilimpigia simu nikilia, akanisikiliza, kisha akasema: "Nina kijana hapa anakalafati, anaziba nyufa za mashua kwa pamba. Mwaka mzima ni kukalafati tu, tezo ya kuchongea mbao bado. Mimi napita nyuma yake nabonyeza kila mshono. Pamba ikiwa legelege naitoa, anatia tena. Na watu wakipita humwita fundi, naye huitika. Asipoitika sasa, ataanza lini?"

Nikaitika. Hata bibi mmoja alipolitazama buibui langu chini ya koti jeupe akasema, "Sista, niitie daktari," nilikaa kitandani pake nikamwambia, "Ndimi, bibi."

Kwa hiyo wadogo zangu, ulizeni. Waulizeni wakunga, waulizeni matabibu waliokuwa wodini kabla yenu. Kusema "sijui, naomba unionyeshe" hakumpunguzii mtu udaktari wake. Nanyi wakubwa mnaowatukana wanagenzi kwa kuwa hata ninyi mlitukanwa, muogopeni Mungu. Anayekuogopa hatakuamsha saa nane za usiku. Atakisia, na atakayeumia ni mgonjwa. Narudia tena: ulizeni, na mkiulizwa jibuni.

Wewe wa Kizingitini, umesema zamu yako ya kwanza ya uzazi ni Jumatatu. Jumapili jioni nenda wodini bila koti. Mtafute mkunga wa zamu, mwamkie vizuri, umuombe akuonyeshe oksitosini inawekwa friji gani, na funguo za kabati la dharura hukaa kwa nani.