Bunduki ya leva ya kwanza: anza na umbali, si unene wa risasi

Wadogo zangu, imebidi niandike. Msimu ukikaribia, kuna kijana lazima atafika uwanja wa shabaha na bunduki mpya ya leva (ile inayokokwa kwa mpini ulio chini ya kifyatulio), kitako kinang'aa, na kisanduku cha risasi nene za .45-70 mkononi. Namuuliza atapiga kwa umbali gani. Badala ya kunijibu, anatoa risasi moja na kunionyesha ilivyo nene. Shauku hiyo naipenda mno, lakini mnanichosha, kwa sababu mwaka jana mwingine alinionyesha risasi ile ile na akarudi analia. Nisikilizeni kabla hamjalipa.

1. Umbali ndio unaochagua kaliba, yaani aina na unene wa risasi. Kaa chini ujiulize mnyama wako utamwona wapi. Kama ni vichakani, msituni au kando ya mto, ambako risasi nyingi hupigwa ndani ya yadi 100 (kama mita 90), leva haina mpinzani: ni fupi, nyepesi, inabebeka kwa mkono mmoja kutwa nzima, na inafika begani kabla hujamaliza kufikiri. Kama unawinda mbugani, mnyama anakutazama kutoka yadi 300 na huna pa kujificha, chukua bolti, ile inayokokwa kwa kitasa cha pembeni. Ukishikilia leva hata huko, tafuta Browning BLR au Savage 99 ya zamani katika kaliba ya .308. Hizo ni leva zinazorusha kama bolti, na sababu yake iko kwenye nukta inayofuata.

2. Magazini, yaani ghala la risasi kwenye bunduki, ndiyo inayochagua umbo la risasi. Winchester 94, Marlin 336, Marlin 1895 na Henry nyingi zina magazini ya bomba chini ya mtutu. Humo risasi zinapangana pua kwa kitako, pua ya moja ikigusa fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ukiweka risasi yenye ncha kali, teke la bunduki linaweza kuipigisha ncha ile kwenye fataki, na magazini ikakulipukia mkono wa kushoto. Kwa hiyo ni pua bapa au pua butu. Hornady walitoa risasi yenye ncha laini inayobonyea, na hiyo unaweza kuitia kwenye bomba bila hofu. Nyingine zote zenye ncha ziache. Savage 99 ina magazini ya kuzunguka, BLR ina ya kuchomoa, Winchester 1895 ina ya sanduku, na zote tatu zinakubali ncha kali.

Hili nilidhani kila mtu analijua. Kisha nikamkuta kijana amejaza bomba risasi zenye ncha kama sindano, alizopewa na rafiki aliyekuwa akizipiga moja moja kutoka bunduki ya risasi moja. Nilimwomba aelekeze mtutu kwenye tuta, tukazitoa zote, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Alinishukuru, akaniuliza kama anaweza kuzipiga mbili tu. Hapana, mdogo wangu.

3. Msiidharau kaliba ya .30-30. Ilitoka 1895 kwa ajili ya Winchester 94 iliyobuniwa na John Browning, na inaua mpaka leo. Risasi ya greni 170 (kama gramu 11) inatoka kwa kasi ya futi 2,200 hivi kwa sekunde, teke lake halikuogopeshi, na kwa sababu hiyo utafanya mazoezi ya kutosha. Kwa kulungu, swala wa wastani na nguruwe mwitu ndani ya yadi 150 sioni unachokosa. Kwa mnyama mzito kama pofu ni ndogo; mwacheni apite. .35 Remington ni tamu vichakani lakini risasi zake zinatafutwa kwa tochi. .444 Marlin ina nguvu, ila chagueni risasi nzito na ngumu. .44 Magnum ni ya karibu sana.

4. .45-70, na siku ninayotamani ingefutika. Nilikuwa na umri wenu. Nilikuwa na Marlin 1895 na risasi za greni 405 zilizotengenezwa kwa nguvu ndogo, zile zinazotoka kwa futi 1,330 hivi kwa sekunde. Nilikuwa nimezipiga uwanjani kwa yadi 50 nikiwa nimekaa, mfuko wa mchanga chini ya mtutu, na matundu yote yaligusana. Niliamini chochote nitakachokigusa kwa risasi nene namna ile kitalala.

Jioni tukamwona tandala dume ng'ambo ya korongo, amesimama ubavu. Mzee aliyekuwa anafuatilia nyayo alininong'oneza tushuke, tusogee, upepo ulikuwa wetu na muda ulikuwepo. Nilikataa. Nilikadiria yadi 120 kwa macho, na korongo hudanganya macho: zilikuwa karibu 200. Sasa oneni hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Risasi ile ukiisawazisha ipige pale pale ulipolenga kwa yadi 100, ikifika 200 imeshashuka inchi 24 hivi, yaani sentimita 60. Hicho karibu ni kina chote cha kifua cha tandala. Nililenga juu ya bega nikidhani nimeshafidia. Ilimvunja mguu wa mbele.

Akayumba, akasimama tena. Alinipa nafasi ya pili, ubavu ule ule, na mimi kwa papara nilivuta leva nusu njia. Ganda lilitoka, risasi mpya haikupanda. Nyundo ikagonga chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) tupu. Nilipovuta tena mpaka mwisho alikuwa ameshaingia vichakani.

Tulifuata damu na vipande vya mfupa mpaka giza likatuzuia. Usiku ule sikulala, nilikuwa nawasikia fisi. Asubuhi tulimkuta, na ardhi pale ilionyesha kwamba alipigana nao kwa muda mrefu akiwa na miguu mitatu. Yule mzee aliniuliza, "Ulilenga wapi, mwanangu?" Nikamwambia begani. Akauinua ule mguu, akanionyesha tundu, akauweka chini taratibu. Hakunigombeza, na mpaka leo naona ingekuwa afadhali angenigombeza. Mnyama yule hakufa kwa sababu ya kaliba ndogo. Aliteseka kwa sababu nilinunua unene wa risasi bila kujua njia yake angani, na kwa sababu sikuwa nimezoea leva yangu nikiwa nimesimama, moyo unadunda.

Kwa hiyo: kipima umbali mfukoni, mazoezi ya yadi 100, 150 na 200 kwa risasi ile ile utakayowindia, mpaka uone kwa macho yako inavyoanguka. Na leva isukumwe mpaka mwisho na irudishwe mpaka mwisho, kwa nguvu, bunduki ikiwa begani. Inatengenezwa kuvumilia hilo.

5. Visanduku vya .45-70 havifanani, someni maandishi. Kaliba hii ni ya 1873, ilizaliwa kwa bunduki za Springfield za jeshi la Marekani, dhaifu kwa viwango vya leo. Kuna risasi zinazoheshimu udhaifu huo, kuna zilizotengenezwa kwa leva imara za kisasa, na kuna za bunduki za risasi moja zenye chuma kizito kama Ruger No. 1. Zote zinaingia kwenye chemba yoyote ya .45-70. Ukitia ya daraja la juu kwenye bunduki ya babu, chemba inaweza kupasuka karibu na jicho lako. Hakuna kisichonipa hofu zaidi ya kijana aliyerithi bunduki ya zamani na kununua risasi "kali". Ipelekeni kwa fundi wa bunduki kwanza.

6. Wanyama hatari. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki 1909 na Winchester 1895 ya kaliba ya .405, akaisifu sana kwa simba. Nyie mnanisomea habari hiyo kila mara. Alikuwa pia na bunduki nzito ya mitutu miwili, hilo hamlisomi. Risasi ngumu ya .45-70 yenye pua bapa na nguvu ya daraja la leva za kisasa hupenya kwa kina, na wapo waliomwangusha nyati nayo, lakini sheria ya mahali unapowinda ndiyo inayotangulia, na sehemu nyingi kaliba ya .375 ndiyo kiwango cha chini. Mwanafunzi wa leva asianzie kwa nyati. Sijadiliani.

7. Mengineyo. Marlin hutupa ganda ubavuni, kwa hiyo darubini inakaa vizuri juu yake. Winchester 94 za kabla ya miaka ya 1980 hutupa juu, basi tumieni tundu la kulengea (kijishimo cha kuchungulia badala ya darubini), ambalo kwa yadi 100 linatosha kabisa. Kushusha nyundo kwa kidole gumba kufanyike mtutu ukielekea ardhini, glavu zimevuliwa. Bunduki nyingi za kujazia ubavuni hupakuliwa kwa kupitisha kila risasi kwenye leva, vidole viwe mbali na kifyatulio, kisha chungulieni chemba na pia mlango wa bomba, kwa sababu risasi moja hupenda kubaki nyuma.

Na mkishachagua risasi, jazeni bomba lote kwa risasi za mazoezi zisizo na baruti mzipitishe mpaka iishe, mara kadhaa, kabla ya safari. Leva huchagua urefu wa risasi: isiyoifaa kwa urefu hukwama. Ikikwama, ikwame nyumbani.