Mnara wa taa wenye unyevu: msiufunge kwa saruji

SWALI: Kikundi chetu kinatunza mnara mdogo wa taa wa pwani, wa mawe, uliojengwa kabla ya 1820. Ndani kuna unyevu na lipu inabanduka. Fundi anashauri tupige lipu ya saruji nje, kisha rangi ya kuzuia maji. Itadumu?

JIBU: Lipu huenda ikadumu. Mawe ndiyo yatakayoliwa.

Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, ilipata hataza mwaka 1824, kwa hiyo mnara wenu umejengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: maji yakiingia, hutoka tena kama mvuke. Saruji ni ngumu mno. Jua na upepo vikiuchezesha ukuta, hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, mvua ya upepo ikapenya humo na kukosa pa kutokea. Nimewahi kubandua kipande cha lipu ya namna hiyo, ukubwa wa sahani. Nyuma yake palikuwa na chumvi nyeupe kama unga, na jiwe nikalichimba kwa ukucha.

Kinachonikera ni ile imani kwamba chokaa ni kitu dhaifu cha watu waliokosa saruji. Mhandisi John Smeaton alikamilisha mnara wa taa wa Eddystone mwaka 1759, juu ya mwamba katikati ya mawimbi ya Uingereza, kwa chokaa. Alikuwa amegundua kwamba chokaa ya mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hushika hata majini. Mnara ule ulifanya kazi zaidi ya miaka 120, na ulipoondolewa, kosa lilikuwa la mwamba uliokuwa ukiliwa chini yake.

Kwanza pandeni kwenye chumba cha taa mvua ikinyesha, mtazame vioo na paa. Mara nyingi maji huanzia huko. Kisha tafuteni mwashi anayeijua chokaa hiyo inayoshika hata majini, apige lipu yake, na juu ya lipu mpake chokaa, si rangi ya plastiki.

Na yeyote anayeuza kemikali ya “kuziba unyevu milele”, mwambieni awapeleke kwenye ukuta wa mawe alioupaka miaka kumi iliyopita, mkaugonge wenyewe kwa mpini wa nyundo. Sauti ikiwa ya mtungi mtupu, lipu imeshaachana na jiwe. Walioshapigiwa saruji nao wasikimbilie patasi: pale iliposhika sana, kuing'oa kwa nguvu huondoka na uso wa jiwe.