Sanduku la Maswali: Kumjua Muuaji na Kumthibitisha

Tangu tulipowaalika wasomaji waulize kuhusu mauaji yaliyokosa ufumbuzi, barua zimemiminika kutoka mjini Tanga, Muheza na Pangani, nyingine zikiwa na wino uliorudiwa mara tatu kwa hasira ya mwandishi. Anayezijibu aliwahi kuwa karani wa mahakama, na amesikia mengi kizimbani ambayo barazani yangepokewa kwa kicheko.

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa kwetu Ngamiani tumebishana hadi kahawa imepoa. Mwenzetu anasema kuna bwana mkubwa wa Kiingereza aliuawa Nairobi wakati wa vita vya pili, mji mzima ukamjua muuaji na sababu yake, na bado mahakama ikamwachia. Hilo linawezekanaje? *Kijana wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzenu anaizungumzia kesi ya Josslyn Hay, Earl wa Erroll, ambaye alikuwa na cheo katika makao makuu ya jeshi mjini Nairobi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa kwa lori walilikuta gari lake aina ya Buick limetumbukia shimoni karibu na njia panda ya Karen, kwenye barabara ya Ngong, taa zake zikiwa bado zinawaka, na mwenyewe amekunjamana ndani akiwa amekufa kwa risasi ya kichwa. Huyu bwana alisifika kwa kuwatongoza wake za watu, na siku hizo alikuwa na mapenzi yasiyofichwa na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton alimzidi mkewe kwa miaka 30, na ndoa yao ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu. Jioni ya kuamkia mauaji walikula pamoja wote watatu katika klabu ya Muthaiga, na mume yule akainua glasi yake akawatakia wapenzi hao heri na mtoto wa kurithi.

Barazani kesi ingekwisha hapo hapo: mume ameporwa mke mbele ya macho ya watu, na mwizi wake ameuawa usiku ule ule. Mahakama, hata hivyo, haikuulizwa nani alikuwa na sababu ya kuua. Iliulizwa kama upande wa mashtaka umethibitisha ulichodai. Madai yalikuwa kwamba Broughton, ambaye siku chache kabla alitoa taarifa polisi kuwa bastola zake mbili za Colt zimeibwa, alijiibia mwenyewe ili aitumie mojawapo, na kwamba risasi zilizookotwa katika shamba moja huko Nanyuki, alikowahi kufanyia mazoezi ya shabaha, zilifanana na zile zilizomuua Erroll. Hoja hiyo ilikuwa nzuri hadi aliposimama wakili wa utetezi, Harry Morris, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini.

Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifereji inayoizungusha risasi, na risasi ikitoka huwa imebeba alama za mifereji hiyo kama unga wa maandazi unavyobeba alama za vidole. Morris alimbana mtaalamu wa serikali juu ya alama hizo. Ikaonekana kwamba bastola za Colt zina mifereji sita inayozungukia kushoto, na risasi za mauaji zilikuwa na alama za mifereji mitano inayozungukia kulia. Kwa hiyo bastola iliyoua haikuwa Colt, na hadithi nzima ya wizi wa kubuni ikakosa mguu wa kusimamia. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiwa huru. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza, na mwezi Desemba alijiua katika hoteli moja mjini Liverpool, jambo ambalo wengine hulisoma kuwa ni kukiri na wengine huliona kuwa ni uchovu wa mtu mgonjwa aliyeachwa na mke.

Naomba pia usisahau kwamba juri iliyomwachia, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, ilikuwa ya Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kuua katika koloni lile hakupata juri, bali kesi yake ilisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Kama mmoja wa wale wapeleka maziwa ndiye angeshukiwa, sidhani kama mtu angesafiri kutoka Johannesburg kuja kuhesabu mifereji.

Huku kwetu, ushahidi unaotegemea mazingira tu, bila mtu aliyeona kwa macho, bado unapimwa kwa kipimo kilichosisitizwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1958 katika kesi ya Simon Musoke kutoka Uganda: mambo yanayomwelekea mshtakiwa ni lazima yawe hayapatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote yenye mantiki. Mimi nikiulizwa barazani nitasema mkono wa Broughton ulikuwemo. Nikiulizwa kwa kiapo, nitaomba maji ya kunywa.

SWALI: Asalaam alaykum. Ndugu yetu alipovamiwa usiku, shemeji alimwona mvamizi kwa macho yake, akamtaja jina mahakamani, na mtu yule akaachiwa. Je, macho ya mtu mzima hayatoshi kuwa ushahidi? *Mama wa Muheza*

JIBU: Waalaykum salaam, na poleni sana kwa msiba. Sheria inaruhusu shahidi mmoja kutosha, ila macho ya usiku yanapewa mtihani mgumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiweka wazi jambo hili mwaka 1980 katika kesi ya Waziri Amani, iliposema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine na kwamba haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo hakimu au jaji atataka kujua shahidi alimwangalia mtu yule kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla.

Nakumbuka shahidi mmoja aliyesema kwa uhakika mkubwa kwamba alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa koroboi. Wakili hakumgombeza. Alimwuliza tu koroboi ilikuwa wapi, naye akajibu kuwa ilikuwa chini, nyuma ya mlango. Kisha akamwomba aoneshe ukubwa wa mwali wake, na shahidi, ambaye alikuwa mtu mkweli kabisa, akanyanyua kidole chake cha mwisho na kushika kwa kucha ya dole gumba sehemu ndogo ya ncha. Jaji akaandika. Nina hakika mpaka leo kwamba shahidi yule hakusema uongo, na nina hakika pia kwamba mwali ule haukutosha. Shemeji yenu huenda yuko katika hali hiyo hiyo, na kuachiwa kwa mtu yule hakuna maana kwamba mahakama ilimwita shemeji mwongo.

SWALI: Katika kesi zote ulizosoma, ni ipi moja inayokunyima usingizi? Usinitajie Jack the Ripper, tumemchoka. *Mwalimu mstaafu, Chumbageni*

JIBU: Simtaji. Wanawake watano wanaohesabiwa kuwa waliuawa naye Whitechapel, London, mwaka 1888 wamezikwa upya chini ya majina ya washukiwa, kila mwenye kalamu akileta wake. Kesi yangu ni ya Liverpool, na kwa kuwa najua wewe ni mtu wa sataranji, utaipenda.

William Herbert Wallace alikuwa wakala wa bima mwenye umri wa miaka 52, mtu mpole, mchezaji wa sataranji wa kiwango cha kawaida. Jioni ya Jumatatu, tarehe 19 Januari 1931, kabla hajafika katika mkahawa ambamo klabu yake ilikutana, simu ililia pale. Mtu aliyejiita R. M. Qualtrough aliacha ujumbe kwamba Wallace afike kwake kesho yake saa moja na nusu usiku kwa shughuli ya bima, katika nyumba namba 25, Menlove Gardens East. Kesho yake Wallace akapanda tramu, akabadilisha, akabadilisha tena, akawauliza makondakta, askari na muuza magazeti, kwa sababu Menlove Gardens ya kaskazini ipo, ya kusini ipo, ya magharibi ipo, na ya mashariki haijapata kuwepo. Ni sawa na mtu atumwe Raskazone ya ng'ambo ya bahari. Aliporudi nyumbani, saa tatu kasorobo usiku, yeye na majirani walimkuta mkewe Julia amelala sebuleni, kichwa kimepondwa, na koti la mvua la Wallace limekunjwa chini yake likiwa na damu. Kiasi cha pauni 4 hivi kilikuwa kimechukuliwa.

Sasa tazama jinsi kila jambo linavyokata kuwili. Simu ya Qualtrough ilipigwa kutoka kibanda kilichokuwa kama mita 400 tu kutoka nyumbani kwa Wallace, na ilijulikana kwa sababu mashine ya sarafu ilisumbua na opereta akaandika kumbukumbu. Mashtaka yalisema: ni yeye, alipiga akiwa njiani kwenda klabu. Utetezi ukasema: ni mtu aliyekuwa akimvizia mlangoni amwone anatoka. Kuuliza kwake njia kwa watu wengi kulikuwa ni kujitengenezea mashahidi, au ni desturi ya wakala anayetafuta kamisheni. Utulivu wake mbele ya maiti ulikuwa ukatili, au ndivyo alivyokuwa siku zote.

Kilichobaki ni mtoto wa maziwa. Mvulana wa miaka 14 alimpelekea Julia maziwa jioni ile akamwona mzima, na mahakama nzima ikaning'inia kwenye swali la ilikuwa saa ngapi. Tramu aliyoonekana nayo Wallace ilimlazimu awe ameondoka nyumbani kabla ya saa moja kasoro dakika kumi. Kama mvulana alifika saa kumi na mbili na nusu, kama mashtaka yalivyotaka, Wallace alipata dakika zisizofika 20 za kuua, kujisafisha na kuficha silaha ambayo haikupatikana. Kama alifika karibu na saa moja kasorobo, kama watoto wenzake walivyokumbuka, alipata dakika tano au pungufu, na kuta za sebule ile zilirukiwa damu ilhali nguo alizovaa hazikuwa na hata tone. Wiki iliyopita nilimwuliza kijana anayetuletea maziwa alifika kwangu saa ngapi juzi. Akafikiri, akasema, "Baada ya magharibi kidogo, mzee, maana nilikuta viatu vingi nje ya msikiti." Ni jibu zuri na la kweli, na ndani yake zinaingia dakika 15 bila kusukumana.

Juri ilimtia hatiani kwa muda wa saa moja hivi, akahukumiwa kunyongwa. Mwezi Mei 1931 mahakama ya rufaa ya jinai ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ushahidi haukuweza kuibeba, jambo ambalo mahakama hiyo ilikuwa haijawahi kulifanya katika kesi ya mauaji. Wallace alirudi kazini, wateja wakamfungia milango, akahama, na mwaka 1933 akafariki kwa maradhi. Naelemea upande wake kwa sababu ya zile dakika, na kila nikielemea, kile kibanda cha simu kinanirudisha nyuma.

SWALI: Ni kweli kwamba kesi ya mauaji ikipita miaka 30 inafutika? *Msomaji wa Bagamoyo*

JIBU: Si kweli. Kosa la kuua kwa kukusudia halina ukomo wa muda hapa Tanzania, na jalada linaweza kufunguliwa wakati wowote ushahidi ukipatikana. Kinachoisha ni mashahidi. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo: Waziri wao wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa Februari 1990, tume iliyoundwa ikavunjwa na rais mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

SWALI: Mzee, nimesoma juu ya maiti ya Australia iliyokutwa na karatasi ya neno la Kiarabu mfukoni. Nimezipiga hesabu ya abjadi, ile ya kuipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba, herufi zile za siri na nadhani nimezifumbua. Je, niwaandikie polisi wa huko? *Msomaji wa Pongwe*

JIBU: Subiri kidogo. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1948 mwanamume alikutwa amekufa katika ufukwe wa Somerton, mjini Adelaide, ameegemea ukuta kama aliyepumzika, bila kitambulisho, na nembo za nguo zake zimeondolewa. Katika kimfuko kidogo cha suruali kulikuwa na kipande cha karatasi kilichosokotwa, kimeandikwa "Tamám Shud". Ni Kiajemi, si Kiarabu, na maana yake ni "imekwisha", ingawa sikio la Mswahili linalistuka neno la kwanza kwa haki, kwa kuwa ni ndugu wa "tamati" ambayo watunzi wetu huifungia tenzi. Karatasi ilichanwa kutoka ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mashairi ya Omar Khayyam, na kitabu chenyewe kikapatikana baadaye kwa mtu aliyekikuta ndani ya gari lake. Nyuma yake ndipo zilipo herufi zako.

Wataalamu walidhani amekula sumu, ila hakuna sumu iliyopatikana mwilini. Kwa hiyo hii si hata kesi ya muuaji asiyejulikana, kwa maana haijathibitishwa kwamba palikuwa na mauaji. Mwaka 2022 Profesa Derek Abbott na mtaalamu wa nasaba Colleen Fitzpatrick walitangaza, kwa kutumia vinasaba vya nywele zilizonasa katika sanamu ya plasta iliyochukuliwa kutoka kwa maiti, kwamba mtu yule ni Carl Webb, fundi wa umeme aliyezaliwa Melbourne mwaka 1905. Jina likapatikana, sababu ya kifo haikupatikana.

Kuhusu abjadi, ndugu yangu, herufi zile ni za Kilatini, na uchambuzi wa jinsi zinavyojirudia unaonesha kuwa yaelekea ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Abjadi haina mlango wa kuingilia hapo. Lakini karatasi yako ya hesabu nimeihifadhi, kwani mstari wa tatu una kosa la kujumlisha na ningependa urudie.