Vitamini ya nywele ilivyoniletea ugonjwa wa tezi nisiokuwa nao

Kichupa alikileta wifi yangu kutoka Marekani, ndani ya begi la zawadi pamoja na losheni na chokoleti za watoto. Bayotini, maikrogramu 10,000, kidonge kimoja kwa siku. Nywele zangu za mbele zilikuwa zimekatika kwa kusuka rasta za kubana, nikaanza kumeza usiku uleule.

Miezi miwili baadaye nilienda hospitali kwa uchovu tu, wakanipima tezi ya shingo. Majibu: TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, iko chini mno, na homoni za tezi yenyewe ziko juu, kana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi. Daktari akanipapasa shingo, akaniambia ninyooshe mikono aone kama inatetemeka. Imetulia tuli. Mapigo ya moyo sawa, uzito uleule. Mwanzoni aliniuliza, "Mama, kuna dawa unatumia?" Nikasema hapana, na wala sikumdanganya, kwangu mimi vitamini si dawa. Akauliza upya: "Hata vitamini? Hata unga wa mitishamba?" Ndipo nikakitoa kichupa kwenye mkoba.

Aliniachisha, tukarudia kipimo. Tezi nzima kabisa.

Kumbe vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kunasia kinachotafutwa. Ikijaa kwenye damu, gundi inavurugika na mashine inatoa majibu ya uongo. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 kwa siku. Mimi nilikuwa nameza zaidi ya mara 300. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2017, hasa kwa troponini, kipimo cha shambulio la moyo. Kinaweza kusoma chini huku moyo unaumia kweli.

Tunaamini kilichotoka Marekani kimeshakaguliwa. Kwa sheria yao ya 1994, virutubisho haviombi kibali cha FDA kabla ya kuuzwa. Mwenye kampuni ndiye anayehakikisha usalama, serikali inaingia madhara yakionekana. Kiambato kipya kinatolewa taarifa siku 75 kabla. Taarifa, si kibali. Sheria hiyo imezaa ubunifu mwingi, sikatai, ila efedra ya kupunguza uzito ilipigwa marufuku 2004, watu wakiwa wameshakufa. Na "kiwanda kimesajiliwa FDA" hakusemi lolote kuhusu kidonge.

Siku hizi picha ya lebo inakaa kwenye simu, naionyesha kabla sijatolewa damu. Nikinunua, natafuta alama ya USP au NSF, mashirika huru ya kukagua ubora: hao hupima kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kama nywele zitaota, hilo hawalipimi. Vya kukata tumbo na vya nguvu za kiume sivigusi, wala mume wangu simruhusu. FDA imekuta humo sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni kwao 2010, na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, bila neno hata moja kwenye lebo.

Wifi kanipigia juzi kuulizia nywele. Zimeanza kurudi, tangu niache rasta.